Kuku wa Namba Sita

"Kuku wako wanawasumbua wapangaji wangu, ssebo. Hiyo ndiyo habari niliyokuletea leo, nyingine sina."

"Wapangaji gani, nnyabo?"

"Wapangaji wangu. Vyumba vinane, vyote vimejaa. Mapazia huyaoni?"

Mzee Fabiano aliegemeza viwiko juu ya ua, akaitazama ile nyumba ndefu ya jirani yake kama mtu anayemtazama ng'ombe anayetarajia kumnunua kwa bei ya mbuzi. Kila mlango ulikuwa na pazia lake, na chini ya kila pazia jozi ya ndala.

"Mapazia naona," akasema. "Watu ndiyo sioni. Kuku wangu yule mwekundu analala namba sita, hii wiki ya tatu. Ametaga huko, anaatamia huko. Kuku haatamii penye kelele. Kama namba sita iko na mtu, basi huyo mtu hapumui."

Rosebella, mwenye nyumba ile ndefu, aliutupia jicho mlango wa namba sita. Kwamba kuku waliingia ndani alijua. Kwamba mmoja amehamia, hilo lilikuwa geni.

"Mpangaji wa namba sita ni mtu mpole," akasema.

"Mpole kushinda kuku?"

"Kalelewa vizuri. Si kila mtu ananing'inia juu ya ua kuhesabu pumzi za wenzake."

"Sawa. Na huyu wa namba tatu ana watoto namna gani? Jumatatu nimeona kwenye kamba nguo za mtoto mchanga. Jumatano suruali ya shule. Jana koti la manyoya la mtu mzima. Nnyabo, kwako watoto wanakua haraka."

"Wanakula vizuri."

Ugomvi ungeweza kuishia hapo, maana wawili hao waligombana kila Rosebella alipokuja hapa Kyebando, pembeni mwa Kampala, na kesho yake wakaulizana habari za afya. Lakini Rosebella alikuwa na ulimi ambao mumewe, gadi wa treni, aliufananisha na treni ya mizigo: kuianzisha si kazi, kazi ni kuisimamisha.

"Kama huamini," akasema, "waandike."

Alilijutia neno hilo kabla halijafika upande wa pili wa ua. Mzee Fabiano alikuwa katibu wa RC, ile kamati ya kijiji, na daftari la wakazi alilibeba kwapani kila aendako. Watu walisema hulibeba hata chooni. Akalifungua, akalamba kidole, akatafuta ukurasa mweupe.

"Leta majina."

Jina moja mtu hulibuni. Majina manane, mtu anakukodolea macho, ni kazi nyingine. Rosebella akakimbilia pale akili ilipozoea kwenda jioni, mezani, mumewe anaposimulia habari za stesheni. "Namba moja, Ondiek," akasema. Ondiek alikuwa dereva wa treni, marehemu. "Namba mbili, Wanjala. Namba tatu, Barasa. Namba nne, Wekesa." Akaendelea hivyo, akiwapangisha vyumba wafanyakazi wa reli wazima na wafu, mpaka akafika namba nane akawa amewamaliza. "Aluoch," akasema. Huyo alikuwa mama anayeuza chai langoni mwa stesheni.

Fabiano aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, akafunga daftari.

"Vizuri sana. Jumamosi kuna bulungi bwansi. Mtaro wa bondeni umeziba, kijiji kizima kinashuka kuuzibua. Kila mlango unatoa mtu mmoja na jembe lake. Milango minane, majembe manane. Majina nitayaita mimi mwenyewe."

Akaondoka akipiga mluzi, na katika miezi kumi na minane ya ujirani Rosebella hakuwa amewahi kumsikia akipiga mluzi.

Ukweli ni kwamba nyumba ile ilikuwa na mchwa, panya, na kuku mmoja mwekundu. Mtu hakuwamo.

Rosebella aliinunua katikati ya mwaka 1987, kutoka kwa mjane mmoja aliyekuwa anarudi kwao Masaka na hakutaka hata kugeuza shingo. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, na nyumba za Kampala ziliuzwa kama nyanya za jioni: chukua zote, nipe chochote. Wenye akili walinunua sukari na sabuni wakaficha mvunguni. Rosebella aliuza mivumba katika soko la Owino, yaani nguo kuukuu za Ulaya, na akiba yake ya miaka tisa aliitoa yote akanunua vyumba vinane vya kupangisha: mstari mmoja, paa la mabati, na matundu mawili ya risasi kwenye mlango wa namba mbili, ambayo aliyaziba kwa kalenda ya benki. Wenzake sokoni walimwuliza kama amerogwa.

"Watu walikimbia mji," aliwajibu. "Sasa watarudi. Wakirudi wataoana. Wakioana watataka mlango wa kufunga."

Walirudi kweli, na walikuja kuuliza. Lakini kila aliyekuja aliuliza swali lile lile kabla hata ya kuangalia dari: humu mko wangapi? Rosebella akisema wewe utakuwa wa kwanza, mtu anaaga kwa heshima na haonekani tena. Hawakuwa wajinga. Mtu akivamiwa na wezi Kampala, hupiga enduulu, ule ukelele wa kuomba msaada, na majirani hutoka na magongo. Nani atakuitikia enduulu kwenye nyumba ya milango minane mitupu? Panya? Basi kila mmoja alingoja mwenzake atangulie, na wote wakangoja vizuri mpaka mwaka ukaisha.

Ndipo Rosebella akabuni mapazia. Watu wakiona watu watakuja, aliwaza. Akachukua vitambaa kutoka kwenye marobota yake, akavipachika kwenye milango yote minane. Akapanga ndala. Akaanza kuanika mivumba kwenye kamba za uani badala ya sokoni. Ungepita mbali kidogo ungesema hapo wamepanga watu arobaini, nusu yao Wazungu.

Kilichomharakisha ni mumewe. Nashon Makokha alikuwa anastaafu mwisho wa Desemba, na nyumba yao ya reli huko Nsambya ilikuwa ya kurudishwa siku hiyo hiyo. Nashon alitaka kwenda Bungoma, kwenye shamba la baba yake. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa ameendesha maisha yake miaka ishirini na minane kwa kijibendera cha kijani na kijibendera chekundu, na kwa Kyebando alikuwa amekwisha kuinua chekundu.

"Mama Moreen," alisema, "behewa lisilobeba kitu hukatwa. Jumamosi ya mwisho ya Novemba naja Kyebando na karatasi ya mauzo. Nikikuta vyumba vina watu, sawa. Nikikuta vitupu, Mzee Fabiano anaweka sahihi ya kununua, mimi naweka ya kuuza, tunaenda nyumbani."

Nyumbani. Rosebella aliijua hiyo nyumbani. Jirani wa karibu ni mwendo wa nusu saa, na jirani mwenyewe kiziwi. Mtu ungekaa na umbea mzuri tumboni wiki nzima mpaka ukauke. Yeye aliyezoea kula na watu sita wasioalikwa, angekula akiwatazama Nashon na mahindi.

Na sasa Jumamosi ya mtaro ndiyo Jumamosi ile ile ya karatasi.

Alianzia Nsambya, kwenye baraza ya nyuma ya hospitali, alikoshona nguo Mushagalusa, fundi kutoka Bukavu. Mushagalusa na mkewe Kavugho walilala katika stoo ya Mzaire mwenzao, katikati ya vitenge na samaki wakavu, na mteja mwenye pua kali aliweza kulijua shati lililoshonwa na Mushagalusa bila kuangalia lebo.

"Mama Moreen," akasema Mushagalusa, sindano mdomoni, "mimi niko fundi wa nguo. Jembe niliacha kwetu Zaire, na sikulilia."

"Ni asubuhi moja tu. Unaitwa Ondiek, unachimba, unakula, unarudi kuwa Mushagalusa."

"Tunakula nini?" akauliza Kavugho, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo muhimu katika ndoa ile.

"Posho, maharage, mboga, na kuku."

Neno kuku lilimponyoka tu. Kuku hakuwa naye. Lakini Kavugho alikuwa amekwisha simama, akitafuta kanga ya kujifunga kiunoni.

Alanyo, aliyefua mashuka ya hospitali na kulala jikoni kwa binamu yake, alikubali kwa sharti asikae karibu na mtu wa kumwuliza lini ataolewa. Ocen, askari polisi, hakuweka sharti lolote. Aliishi katika kibanda cha bati cha mviringo kambini, yeye upande mmoja wa pazia na sajini mwenye watoto watano upande wa pili, na alikuwa tayari kwenda popote palipokuwa na hewa. Sokoni Rosebella akapata wanawake watatu wa mivumba waliokubali kwa sababu hawangekosa kuona jambo lile litakavyoharibika. Wa nane alikuwa Emile, fundi viatu, aliyeapa kwa mama yake.

Jumamosi ngoma ya kijiji ililia kabla jua halijapanda vizuri. Emile hakutokea. Alituma salamu kwamba yuko msibani Luzira.

Bondeni palikuwa na watu kama arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameanza kuchimba. Fabiano alikuwa amepita nyumba kwa nyumba tangu Jumatano akiwaambia waje mapema, kuna kitu cha kuona. Sasa alisimama juu ya tuta, miwani puani, daftari mbele ya kifua.

"Ondiek, namba moja."

"Niko," akasema Mushagalusa.

"Ondiek wa wapi, wewe?"

"Wa Bukavu."

"Hilo jina ni la Bukavu?"

"Baba yangu alikuwa na rafiki."

Watu wakacheka. Fabiano akaweka alama. Kavugho akaitika Wanjala bila kupepesa macho. Ikaja namba tatu.

"Barasa."

"Nipo," akasema Alanyo.

"Barasa si ni jina la mwanaume?"

"Mzee, mimi nimekuja na jembe. Wewe unataka jembe au unataka ndevu?"

Kicheko cha sasa kilikuwa cha upande wa Alanyo, na Fabiano akaliona hilo. Akaita namba nne kwa ukali zaidi. Ocen akapiga kisigino chini, akasema, "Ndiyo, afande," na Fabiano, ambaye hakuwahi kuitwa afande na mtu yeyote tangu azaliwe, alisahau alilotaka kuuliza. Wanawake wa mivumba wakaitika mmoja baada ya mwingine. Namba sita, yule mpangaji mpole, aliitika kwa sauti iliyosikika mpaka kilima cha Mulago.

"Mpole," akasema Fabiano, akimtazama Rosebella juu ya miwani.

"Leo ana mafua," akasema Rosebella.

"Namba nane. Aluoch."

Chura mmoja akasema neno lake mtaroni.

"Aluoch," akarudia Fabiano, taratibu, kama mtu anayepaka siagi mkate wake wa mwisho.

Rosebella alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa mdomo haukuwa na kitu ndani. Ndipo akamwona Nashon. Alikuwa anashuka kijia kwa mwendo wake wa kikazi, koti la reli limefungwa vifungo vyote, karatasi imekunjwa mfukoni. Alikuwa amefika kwenye nyumba, hakukuta mtu, akafuata makelele.

Nashon alisimama juu ya tuta. Alitazama mstari wa watu wenye majembe mbele ya mkewe, akawahesabu kimoyomoyo kama alivyohesabu mabehewa miaka ishirini na minane, kutoka kichwa mpaka mkia. Akapata saba. Akamtazama Fabiano na daftari. Akatazama jembe la nane, lililoegemezwa peke yake kwenye mgomba. Mwishoni akamtazama mkewe, na Rosebella, aliyeyajua macho yale mpaka kwenye mizizi, hakuweza kusoma kitu.

Nashon akavua koti. Akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya jani safi la mgomba. Akachukua jembe.

"Nipo," akasema.

Fabiano alishusha miwani. "Mzee Makokha. Wewe ndiye Aluoch?"

"Leo ndiyo."

"Wewe, umekuja kuniuzia nyumba, unaitwa Aluoch."

"Mzee Fabiano, treni ya mabehewa manane haiondoki na saba. Tunachimba au tunasoma?"

Wakachimba. Nashon, akiwa mtu asiyeweza kuona kazi bila kuipanga, aliwapanga wanane wale wawili wawili, mmoja akikata tope mwenzake akitupa, na baada ya saa moja kipande chao cha mtaro kilikuwa kinapitisha maji wakati vipande vya wengine bado vinapitisha hotuba. Kijiji kilikuja kucheka, kikabaki kutazama. Mzee mmoja alisikika akisema nyumba ile ya mapazia kumbe ina watu wa nguvu, na Rosebella, aliyekuwa amelisikia hilo kutoka hatua ishirini, alihisi moyo wake ukitanuka kama chapati kwenye mafuta.

Waliporudi uani, yeye akasonga posho, yaani ugali, na wapangaji wa uongo, wakiwa hawana kazi, wakaenda kuviona vyumba wanamoishi. Mushagalusa aliingia namba moja akachelewa kutoka. Alikuwa anapima dirisha kwa futi yake ya kitambaa. Alanyo alifunga mlango wa namba tatu akiwa ndani, akaufungua, akaufunga tena. "Hii kufuli inafanya kazi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona muujiza mdogo. Lakini hakuna aliyesema zaidi. Chumba ambacho hakuna anayekitaka kina aibu yake. Mtu hapendi kuonekana wa kwanza kukitaka.

Nashon alikaa mbele ya sigiri, akipuliza makaa.

"Mama Moreen," akasema polepole, "katika majina yote ya dunia ukanipa la mwanamke wa chai?"

"La Ondiek lilikuwa limekwisha chukuliwa."

"Ondiek amekufa."

"Ndiyo maana hakulalamika."

Nashon hakucheka, lakini mgongo wake ulitikisika. Karatasi ilikuwa bado mfukoni. Rosebella aliiona ncha yake, nyeupe, na hakuthubutu kuuliza.

Ndipo wakaja mwanamume na mwanamke, baiskeli katikati yao, godoro juu ya baiskeli. Walikuwa wamepita bondeni asubuhi wakati wa kuchimba. Mwanamume alikuwa mwalimu, wametoka Luwero, amepata kazi shule ya jirani.

"Tumewaona mtaroni," akasema mwalimu. "Tukasema, hapa pana watu. Mama, kuna nafasi?"

Miezi kumi na minane Rosebella alikuwa akiliota swali hilo. Alilifanyia hata mazoezi sokoni, jinsi atakavyojikuna shavu kwanza na kusema labda. Lakini kabla hajajikuna, sauti ikatoka juu ya ua.

"Hakuna nafasi," akasema Fabiano. Daftari lilikuwa limefunguka mbele yake. "Zimejaa zote nane. Nimeandika kwa mkono wangu. Au siyo, nnyabo?"

Akatabasamu. Rosebella aliona mtego wote mara moja, na akaona pia kwamba kamba aliisuka yeye mwenyewe. Akisema kuna nafasi, ametangaza mbele ya katibu na wageni kwamba Ondiek ni hewa na Barasa ni upepo, na kesho Kyebando nzima itakuwa na wimbo. Akisema hakuna, anawafukuza wapangaji wa kweli kwa ajili ya wapangaji wa uongo.

"Zimejaa," akasema, na neno likapita kooni kama dawa ya minyoo.

"Hata kimoja?" akauliza mke wa mwalimu.

"Hata kimoja," akasema Fabiano.

Wakaigeuza baiskeli. Godoro likakwama langoni kidogo, kama nalo halitaki kuondoka. Na wakati linahangaika pale, Mushagalusa akatoka namba moja, futi shingoni.

"Mama Moreen," akasema, akiwatupia wageni jicho lisilo la ukarimu, "hawa bantu wasiangalie namba moja. Namba moja iko yangu. Imeandikwa."

"Na namba mbili," akasema Kavugho. "Wanjala ni mimi. Cherehani itakaa namba mbili, sisi tutalala moja. Hayo matundu ya risasi ni madogo, nitaweka vishikizo."

"Mimi siko napisha mtu namba tatu," akasema Alanyo kutoka ndani, na kufuli ikalia.

Ocen akasema naye atalala namba nne leo leo, sajini amepata mtoto wa sita. Mmoja wa wanawake wa mivumba akakumbuka kwamba marobota yake yanalowa mvua sokoni, na kwamba namba tano, ukiitazama vizuri, ni stoo. Kisha wakaanza kubishana nani ana dirisha kubwa. Dakika kumi zilizopita vyumba vile vilikuwa vya kuchekea. Ilitosha watu wawili na godoro wanyimwe.

Rosebella alisimama na mwiko mkononi, posho ikidondoka juu ya kiatu chake. Alimgeukia Nashon. Nashon alikuwa ameitoa karatasi mfukoni. Aliikunjua, akaisoma mstari wa kwanza, akaikunja tena kwa mapana, kisha akaanza kuipepea sigiri. Makaa yakashika vizuri.

"Namba nane ina mtu," akasema. "Anaitwa Aluoch. Mwezi ujao anahamia na mkewe."

Fabiano aliangalia lile pepeo. "Mzee Makokha, hiyo si karatasi yangu?"

"Ilikuwa."

Fabiano alimtazama mwalimu aliyekuwa bado anahangaika na godoro langoni. Alitazama uani, watu saba wakigombana kuhusu madirisha, na moshi, na kelele ambazo yadi ile haikuwahi kuzijua tangu mjane afunge virago. Alifunga daftari, akalifungua.

"Nnyabo," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Mwezi uliopita wezi waliingia kwangu. Umesikia?"

"Nilisikia. Walichukua baiskeli."

"Nilipiga enduulu mpaka koo likakauka. Unajua nani aliitika? Mwangwi. Mimi bado ningenunua hii nyumba, nisikudanganye. Lakini kuku hajui kuitika enduulu." Akalamba kidole, akafika kwenye ule ukurasa. "Huyu wa namba saba. Bado anakaa, au amehama?"

Mwanamke wa tatu wa mivumba alikuwa na nyumba yake Katwe, na mume mkali. Alielewa haraka.

"Nimehama," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Baada ya kunawa mikono."

Fabiano akakata mstari mmoja ulionyooka. "Mwalimu," akaita, "rudisha hilo godoro. Pamepatikana nafasi. Hapa watu wanahama haraka kama wanavyokua."

Namba sita ikabaki. Yule mpangaji mpole alisema kwa sauti yake ya Mulago kwamba hawezi kulala chumba kimoja na mama anayeatamia, na Rosebella akaona ni haki. Wenye nyumba wengine hawana hata kuku. Chumba hicho kilikaa hivyo mpaka Krismasi.

Sahani zilianza kupita. Posho, maharage, mboga ya majani. Kavugho aliitazama sahani yake, akaigeuza kidogo kama kuna kitu kimejificha upande wa nyuma, akamtazama Rosebella.

"Kuku yuko namba sita," akasema Rosebella. "Nilisema kuna kuku. Sikusema yuko kwenye sufuria."

Fabiano alikuwa amezunguka ua, ameingia kwa lango. Alisimama nyuma ya wanaokula, kofia mkononi, kama mtu aliyepita tu njia. Kwa adabu ya kwao akasema, "Webale kufumba," ya kumshukuru aliyepika, na macho akayapeleka kwenye mlango wa namba sita ili pua isionekane inaelekea wapi.

"Nimemfuata kuku wangu," akasema.

"Kuku yuko juu ya mayai, ssebo. Ukimwinua sasa, umeyaharibu yote." Rosebella alikwisha sogea kwenye mkeka, akimsukuma Nashon kwa nyonga ili nafasi ipatikane, na mwiko ulikuwa tayari ndani ya sufuria. "Mwache alale. Vua viatu, karibu ule."